Ukiligonga, umelinunua?

Kuna sheria moja hapa Mwanza ambayo haijawahi kupita bungeni Dodoma, haina namba ya sura, na hakuna hakimu aliyefundishwa chuoni, lakini kila dalali wa magari ameikariri. Inasema: ukiligonga, umelinunua. Nenda kaulizie gari popote, kuanzia Pasiansi mpaka Buhongwa, utaisikia. Dalali anakurushia funguo huku anacheka, "Bro, lijaribu tu, ila ukiligonga ni lako." Wewe unacheka, yeye anacheka, mnapanda, gari linawaka. Mkataba umeshafungwa hapo. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hakuna hata aliyeuliza kama una leseni.

Mimi nina ugomvi na sheria hii, na si kwa sababu inamwonea mnunuzi (ingawa inamwonea, nitafika huko). Ugomvi wangu ni kwamba inamzungumzia mtu mwenye gari na mtu anayetaka gari, basi. Inazungumzia bampa, taa na rangi. Yule anayetembea kando ya barabara na beseni kichwani hayumo kabisa. Sheria nzima ya mtaa imetungwa na watu wawili kwa ajili ya watu wawili, halafu anayegongwa ni wa tatu.

Nitoe mfano, maana msomaji wa mjini bila mfano anafungua ukurasa mwingine. Mama mmoja ninayemfahamu anauza dagaa Igoma, pembezoni mwa barabara ya Musoma. Si ndugu yangu wa damu, ila ni wale akina mama ambao ukiwa umepanga jirani nao wanakuita mwanangu na unaitikia. Kijana mmoja, mwalimu, kavuka kutoka Sengerema na akiba yake aliyoikusanya muda mrefu, anataka Vitz. Dalali kampa gari, kakaa naye kiti cha mbele, wakatoka. Mwalimu alizoea pikipiki, na gari alilojifunzia lilikuwa la gia za mkono. Hii ni otomatiki. Walipofika kwenye foleni ya daladala akakanyaga mafuta akidhani ni breki. Gari likapanda kwenye meza ya dagaa, na mama akavunjika mguu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapo ndipo stori yenyewe. Mwalimu akasema gari si lake. Dalali akasema yeye hakuwa anaendesha, na gari si lake pia. Mwenye gari alikuwa Geita, akapigiwa simu akasema, "Mimi nilimpa dalali auze, sikumpa amgonge mtu." Na walipoangalia kadi ya gari, jina lililomo wala si la huyo wa Geita! Ni la mtu wa Dar aliyeliuza miaka miwili kabla, na aliyenunua hakuwahi kubadilisha umiliki. Bima ilikuwa ile ndogo, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka ya kuitaja. Watu wanne, gari moja, mguu mmoja uliovunjika, na kila mtu ananyoosha kidole kwa mwenzake. Mwisho wake wazee wakakaa, mama akapewa laki tatu, akatia dole gumba kwenye karatasi ya kusameheana. Laki tatu! Mtaji wake wa dagaa ulikuwa zaidi ya hapo, achilia mbali mguu.

Niliposimulia kisa hiki kwa washikaji zangu, nusu walisema aliyeshika usukani ndiye mwenye makosa, kesi imekwisha. Nusu nyingine wakasema mwenye gari. Hakuna aliyemtaja dalali. Na hakuna, narudia, hakuna aliyeuliza kampuni ya bima iko wapi. Hawa ni watu wenye digrii.

Basi nikaenda kusoma. Kazi yetu ya uandishi inakufundisha kukaa na mawakili kwenye korido za Mahakama Kuu hapa Kanda ya Mwanza ukisubiri kesi itajwe, na mawakili wakiwa wanasubiri wanaongea. Nilichokipata kinashangaza, kwa sababu swali hili si geni hata kidogo. Lilishaulizwa na kujibiwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mtaani tunayachanganya. Kuna jinai na kuna madai. Kwenye jinai, yaani kuendesha kwa uzembe au kwa hatari chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, anayeshtakiwa ni aliyeshika usukani. Huwezi kumtuma mtu akufungwe jela badala yako. Hapo washikaji zangu wa kundi la kwanza wako sahihi. Lakini faini anayolipa mwalimu mahakamani inakwenda serikalini. Haimnunulii mama magongo. Mguu ni suala la madai, na kwenye madai orodha ya wanaoweza kulipa ni ndefu kuliko orodha ya waliokuwa kwenye usukani.

Mwalimu yumo kwenye orodha, tusidanganyane. Kusema "nilikuwa sijalizoea gari" si utetezi. Uingereza mwaka 1971 kulikuwa na kesi ya Nettleship dhidi ya Weston. Mama mmoja anajifunza kuendesha, rafiki aliyekuwa anamfundisha kakaa pembeni, gari likagonga nguzo ya taa na mwalimu wake akaumia goti. Mahakama ya Rufaa ikasema dereva mwanafunzi anapimwa kwa kipimo kilekile cha dereva aliyekomaa. Ni ukatili kidogo, lakini ukifikiri kutoka upande wa aliyegongwa inaeleweka: mguu hauvunjiki kidogo kwa sababu dereva ni mgeni.

Msomaji mmoja atauliza, kwa nini unatuletea kesi za Wazungu? Ni swali zuri na jibu lake ni la kihistoria. Sheria yetu ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, bado inasema mahakama zetu zitumie misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sisi wenyewe hatujatunga yetu na kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Fidia za ajali kwa sehemu kubwa zinaishi humo. Unaweza kuchukia, mimi nachukia siku za Jumatatu, lakini ndiyo hali halisi. Kesi za baada ya hapo zinabaki kuwa za kushawishi tu, na zinashawishi sana.

Na kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1912, kuna kesi ambayo ningependa kila dalali wa Mwanza aibandike kwenye kioo. Inaitwa Samson dhidi ya Aitchison. Ilitoka New Zealand ikaenda kwa rufaa mpaka Privy Council ya London. Bwana Samson alikuwa na gari na anataka kuliuza. Mteja wake ni mama mmoja aliyekuja na kijana wake. Wakatoka kulijaribu, kijana wa mteja akashika usukani, Samson mwenyewe akiwa amekaa humohumo ndani. Ikatokea ajali, mtu akaumia, akashtaki. Samson akasema yaleyale ya Igoma: mimi sikuendesha, aliyeendesha ni mtoto wa mteja, si mfanyakazi wangu.

Wakamkatalia. Hoja ya mahakama ilikuwa rahisi, hata konda wa daladala angeielewa. Ukiwa mwenye gari, na umo ndani ya gari lako, hujapoteza mamlaka juu yake kwa sababu tu umemwachia mwingine usukani. Bado unaweza kusema punguza mwendo, simama, toka hapo nikae mimi. Na kama una haki hiyo, una na wajibu huo. Labda uthibitishe kwamba ulishaiachia kabisa haki hiyo, kwa mkataba au namna nyingine. Samson hakuweza, akalipa.

Mwaka 1912! Babu yangu hajazaliwa.

Sasa tuje nyumbani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ile tuliyokuwa nayo pamoja na Kenya na Uganda kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977, iliamua kesi ya Karisa dhidi ya Solanki iliyoripotiwa mwaka 1969. Ilisema kwamba gari likithibitika limesababisha madhara kwa uzembe, na hakuna ushahidi wa kinyume, basi inachukuliwa kuwa lilikuwa linaendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake. Mwenye gari ndiye wa kujinasua, si aliyegongwa wa kuhangaika. Halafu ikaongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomaliza mchezo: hata kama mwenye gari alimwazima tu dereva, hilo peke yake halimtoi, kwa sababu inawezekana kabisa safari ile ilikuwa kwa faida ya wote wawili.

Kwa faida ya wote wawili. Hebu niambie, kuna safari gani duniani iliyo kwa faida ya wote wawili kuliko kulijaribu gari linalouzwa? Mnunuzi anataka kujua kama injini inagonga. Muuzaji anataka hela. Bila zile dakika 15 barabarani hakuna biashara. Yule bwana wa Geita hakumkopesha mwalimu gari aende harusini. Alimpa, kupitia dalali wake, ili alinunue. Gari lilikuwa kazini kwa bwana wa Geita kama vile dukani muuzaji anavyokufungulia redio uisikilize kwanza.

Ili nisionekane nachagua zinazonifaa tu, niseme kwamba upande wa pili una kesi yake. Mwaka 1972 mabwana wa House of Lords waliamua Morgans dhidi ya Launchbury. Mke ana gari, mume analitumia kwenda kazini na huwa anapita baa. Kwa ahadi waliyowekeana kwamba akilewa ataomba mwingine amwendeshe, siku hiyo akamwomba rafiki. Rafiki akafanya ajali mbaya. Mke hakuwajibika, kwa sababu safari ile haikuwa yake wala haikuwa kazi yake. Ruhusa tupu haitoshi. Sawa. Lakini soma tena: ruhusa tupu haitoshi, panatakiwa pawe na shughuli ya mwenye gari. Kuuza gari lako ni shughuli ya nani kama si yako?

Pagumu ni pale mwenye gari anapompa mteja funguo na kumwambia nenda mwenyewe, nakusubiri hapa. Hayumo ndani, hawezi kusema simama. Wakili mzuri wa utetezi atakomaa hapo. Mimi bado naona mantiki ya faida ya wote wawili inamfuata, ila nakubali si rahisi kama kesi ya Samson. Na huyu anayetoa funguo kwa mtu asiyemjua, bila kuangalia leseni, ana kosa lake binafsi la uzembe ambalo halihitaji kupitia mgongo wa dereva.

Halafu kuna dalali. Ndugu yetu dalali kwenye kila kisa ni kama upepo, anavuma tu, haonekani. Anachukua chake kwa muuzaji, anachukua cha juu kwa mnunuzi, anachukua hela ya mafuta, lakini ajali ikitokea ghafla yeye ni abiria. Kwangu mimi dalali aliyekaa kiti cha mbele ndiye Samson wa siku hizi. Yeye ndiye mwakilishi wa mwenye gari. Yeye ndiye aliyejua gari ni otomatiki na mteja anatoka kwenye pikipiki. Yeye ndiye aliyechagua waingie barabara ya Musoma saa kumi na moja jioni, Igoma, wakati sokoni kumejaa, badala ya kuanzia mtaani kwenye utulivu. Kama gari lina breki mbovu, na mara nyingi wanajua (ndiyo maana wanakuambia usikanyage sana, "bado haijapigwa sevisi"), basi lawama inahama kabisa kutoka kwa mteja kwenda kwa aliyejua akanyamaza.

Na yule wa Dar mwenye jina kwenye kadi? Huyu namwonea huruma lakini si sana. Ukiuza gari ukaacha jina lako kwenye kadi, umeacha mlango wazi. Siku likigonga, jina la kwanza atakalopata mpelelezi akiuliza TRA ni lako. Unaweza kuthibitisha kwamba uliliuza, kama una mkataba, na ukatoka. Lakini utakuwa umepanda basi kuja Mwanza kujieleza. Kwa nini watu hawabadilishi kadi tunajua wote: kukwepa gharama, na kwa madalali kuliuza tena haraka bila kuacha alama. Gari moja linapita mikono minne na kadi haijui.

Sasa bima, ambayo ndiyo ingepaswa kuwa mwanzo wa mazungumzo yote. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, haisemi tu kwamba anayeendesha awe na bima. Inamkataza mtu kutumia gari barabarani, au kusababisha, au kuruhusu mtu mwingine alitumie, bila bima ya kumlinda mtu wa tatu. Neno kuruhusu ni kubwa hapo. Muuzaji anayetoa gari lisilo na bima likajaribiwe amevunja sheria kabla hata mteja hajaweka gia. Na si faini tu. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, kwenye kesi ya Monk dhidi ya Warbey iliyoripotiwa mwaka 1935, ilimwamuru mwenye gari alipe fidia mfukoni mwake kwa kuruhusu liendeshwe na mtu asiye na bima, ingawa yeye hakuwepo kwenye ajali kabisa. Aliliazima kwa rafiki, rafiki akampa mwingine. Sheria yao ya wakati ule ilikuwa na neno hilohilo, kuruhusu.

Watu wengi wanadhani bima ndogo inafuata mtu mwenye jina kwenye stika, kwa hiyo akiendesha mwingine haifanyi kazi. Kwa bima nyingi za magari binafsi si hivyo. Kawaida inamlinda mwenye gari na mtu mwingine yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, mradi ana leseni halali. Maana yake bima ile ndogo ya Vitz ingeweza kumlipa mama wa dagaa, kama mwalimu alikuwa na leseni. Aliniambia anayo. Lakini nani alikwenda kudai? Waliona laki tatu ni rahisi kuliko fomu.

Ila kuna mtego, na huu ni wa magari yaliyoko kwa wafanyabiashara. Chukua bima ya gari binafsi, soma ile sehemu ya matumizi, yale maandishi madogo ambayo unayaona siku ya ajali tu. Utakuta mara nyingi imeandikwa kwamba haihusu kukodisha, mashindano, wala matumizi yoyote yanayohusiana na biashara ya magari. Sasa gari liko yadi, au liko kwa dalali anayeuza magari kumi kwa mwezi, linaendeshwa na mteja: hayo ni matumizi gani? Kampuni ya bima itakuambia bila kupepesa macho kwamba ni biashara ya magari. Yadi inatakiwa iwe na bima yake ya kibiashara inayotaja majaribio. Ngapi wanayo? Jaribu kuuliza, uone wanavyobadilisha mada kwenda kwenye rangi za gari.

Turudi kwenye "ukiligonga, umelinunua", nimalizane nayo. Ukipewa gari ulijaribu, umekabidhiwa mali ya mtu. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inakutaka uitunze kama mtu wa busara ya kawaida angetunza ya kwake. Ukizembea ukaivunja taa, unalipa taa. Hulipi gari. Umiliki haujahama, bei haijakubaliwa, na chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa hatari inakwenda na umiliki isipokuwa mmekubaliana vingine. Na makubaliano ya kweli ni ya hiari. Kijana anayesaini karatasi ya milioni 9 kituo cha polisi huku anaambiwa ukikataa unalala ndani, hiyo hiari iko wapi? Mkataba wa kulazimishwa unaweza kuukana mahakamani. Nimeona vijana wakiuza viwanja vya familia kwa sababu ya bampa ya IST.

Ujerumani wamekwenda mbali zaidi na mimi nawapigia makofi. Mahakama yao kuu ya shirikisho iliweka msimamo tangu miaka ya 1970 kwamba mteja akilijaribu gari la mfanyabiashara wa magari, akaliharibu kwa uzembe mdogo tu, kwa kawaida halipi, kwa sababu mfanyabiashara ndiye aliyeweza kulikatia bima kubwa, na mteja ana haki ya kuamini kwamba ameshafanya hivyo. Ukiendesha kama mwehu ni habari nyingine. Na kama muuzaji si mfanyabiashara, ni mtu na gari lake moja, upendeleo huo haupo kirahisi. Ni mgawanyo wenye akili: anayeishi kwa kuuza magari ahesabu hatari za kuuza magari. Kule Florida, Marekani, tangu mwaka 1920 mahakama ziliamua gari ni chombo cha hatari, na mwenye gari akimpa mtu kwa hiari anawajibika kwa uzembe wa huyo mtu, iwe safari ya biashara au ya kununua mkate. Huko Samson asingefika hata mlango wa kwanza.

Ndugu zangu mafundi msidhani nimewasahau. "Naenda kulitesti mara moja, boss" ni sentensi iliyozaa mengi. Hapa hali ni tofauti kidogo: mwenye gari amekabidhi gereji, gereji ni biashara huru, na kwa kawaida fundi akigonga mtu wa kulipa ni fundi na gereji yake, si wewe uliyekaa kwenye benchi unakula mahindi. Na kama testi ilipitia kwa mchumba Kirumba ikachukua masaa mawili, hapo hata mwajiri wake anaweza kumruka.

Najua muuzaji wa kawaida atasema namwonea. Mzee mmoja aliyestaafu aliniambia, "Mwanangu, mimi nauza kigari changu nimtibu bibi yako, unataka nifilisike kwa kosa la kijana asiyejua breki?" Ni hoja nzito na sikuijibu haraka. Jibu langu ni kwamba hafilisiki mzee, inalipa bima, ndiyo kazi yake, mradi asiuze gari ambalo bima imekwisha. Na siku hizi kuhakiki ni rahisi: unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA unaona kama bima iko hai. Inachukua muda mfupi kuliko kubishana bei. Mzee anaweza pia kukataa kumpa usukani mtu asiye na leseni, akaendesha mwenyewe, mteja akakaa pembeni asikilize injini. Kati ya yeye mwenye gari linalouzwa mamilioni na mama mwenye beseni, ni nani anayeweza kujikinga kabla ya ajali? Mama hakuwa na fomu yoyote ya kujaza asubuhi ile.

Kuhusu mama mwenyewe: muda wa kufungua shauri la madhara ya namna hii ni miaka 3 tangu litokee, na bado hajafikisha. Ile karatasi yenye dole gumba ni kikwazo, wakili mmoja aliniambia wazi kwamba upande wa pili wataitoa siku ya kwanza. Lakini ilisainiwa na mtu mwenye maumivu, bila mshauri, na kampuni ya bima haikuwa sehemu ya makubaliano. Wakili amekubali kuisoma bure. Tusubiri.

Wakati tunasubiri, wafanyabiashara wa magari wa hapa Mwanza nawaomba kitu kimoja kidogo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe pale Kigongo na Busisi mwezi Juni 2025, wateja wa Sengerema na Geita wanavuka bila kungoja kivuko, na nasikia madalali wengine wanawapeleka wateja hukohuko darajani wakajaribu mwendo, maana ni kilomita 3 zilizonyooka juu ya maji. Kabla ya kufika huko, iwepo karatasi moja: jina la mteja, namba ya leseni, namba ya gari, bima inaisha lini, nani kakaa pembeni. Mistari mitano. Kama kuna yadi ambayo tayari inayo, nielekezwe ilipo, nitapita Jumamosi kuiona kwa macho yangu.